Kipa wa Lango la Mahindini

Msimu wa kahawa ulipofika, na foleni ya mizani ikawa ndefu mbele ya ghala la ushirika pale Isansa, sisi watu wa timu ya zamani tulikuwa na kazi moja ya kupitisha muda. Tulikaa juu ya magunia yetu, tukawapanga makipa. Wafungaji hatukuwapanga. Mfungaji ukimtaja tu, watu watano wanaruka kusema pasi ilitoka kwao. Kipa husimama peke yake na hufungwa peke yake, kwa hiyo kumsema ni rahisi.

Tulianza siku zote na yule mrefu wa misheni, aliyedaka akiwa amevaa kofia, na mpira ukimzidi anaivua na kuupiga nayo. Marefa wa wakati ule hawakuwa na neno juu ya kofia. Akafuata yule mnene, muuza nyama, ambaye sijapata kumwona miguu yake yote miwili ikiacha ardhi, lakini lango lilikuwa limejaa. Kisha yule kijana wa Tunduma aliyedaka miezi minne, akavuka mpaka kwenda kwa wajomba zake upande wa Rhodesia, hakurudi tena, na nadhani ni kwa sababu hiyo kila mwaka alizidi kuwa hodari. Juu ya hao watatu tulipatana. Tukifika kwa wa nne, maneno yanakatika.

Huyo wa nne ndiye ninayetaka kumweleza. Kwetu aliitwa Kipa, basi. Mkewe alimwita hivyo akiwa na hasira, na mchungaji alimwita hivyo akitangaza zamu za wazee wa kanisa. Mimi nilicheza mbele yake misimu sita, beki wa kushoto, na magoti yangu ni shahidi mpaka leo. Kwangu mimi wengine wote walikuwa watu wanaosimama kati ya milingoti miwili. Kipa alikuwa yeye. Lakini pale ghalani palikuwa na fundi cherehani mmoja, mshabiki mwenye sauti kubwa kuliko mashine yake, na kila mwaka alitoa neno lile lile: "Huyo msimtie kwenye hesabu. Huyo aliuza goli."

Na mara nyingi Kipa mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, gunia la tatu kutoka kwa fundi, anasikia yote, anachambua punje mbovu kwenye kahawa yake kama vile anayesemwa ni mtu wa nchi nyingine.

Kazi yake ilikuwa kuezeka. Sehemu kubwa ya Isansa ya siku zile ililala chini ya nyasi alizozifunga yeye. Aliyewahi kuona kuezeka anajua kwamba mtu wa chini hufunga nyasi fungu fungu na kuzirusha, na mtu wa juu huzidaka. Yeye alijipachika juu kabisa, mguu mmoja amekunja kwenye fito, mkono wa kulia unafunga kamba, wa kushoto unadaka. Hakutazama chini. Fungu lilikuja, mkono ukanyooka, fungu likakaa. Nilimwuliza siku moja kama haogopi mashuti ya watu wazima, wakati ule mpira wa ngozi ukilowa mvua unakuwa mzito kama mtungi. Akanionyesha viganja vyake vilivyochanwa chanwa. "Beki, nyasi zina miiba na mpira hauna. Sasa niogope nini?"

Alikuwa na adabu ya kuchekesha uwanjani. Wenzake wakitukana, yeye alisema naomba. Mshambuliaji anakuja mbio, mimi nimesimama vibaya, na nyuma yangu nasikia sauti tulivu: "Beki, naomba usogee kidogo, unanizibia." Nilipenda kumwambia kwamba mambo haya si ya kuombana, lakini nilisogea. Na akimvaa mtu miguuni, wakianguka wote wawili kwenye vumbi, alikuwa wa kwanza kusema, huku mpira ameukumbatia, "Pole sana, ndugu yangu. Huu ni wangu." Siku moja winga wa timu ngeni alijisahau akamjibu, "Asante."

Kabla ya mchezo alifika mapema kuliko wote. Aliinama akatembea kutoka mlingoti hadi mlingoti, anaokota mawe madogo langoni na kuyatia mifukoni, mpaka kaptula inamshuka na inabidi aishike kwa mkono. Hakuyatupa pembeni, aliyapeleka nyumbani. Alisema ukiyatupa pembeni watoto wanayarudisha. Baada ya misimu kadhaa mlango wa nyumba yake ulikuwa na kipandio cha mawe ya langoni, kimepangwa vizuri, na mkewe akimwonyesha mgeni alisema, "Waume wa wenzangu wanaleta nyama. Huyu analeta mawe." Lakini alikifagia kipandio kile kila asubuhi.

Msidhani nampamba. Mtu huyu aliyedaka kila kilichorushwa hewani hakuweza kushika kikombe. Nyumbani kwake alivunja vikombe, sahani, vibuyu, na siku moja taa ya kuazima. Mkewe hakumpa kitu cha udongo. Chai alinyweshwa kwenye kopo la bati. Kwaya ya kanisa alipenda sana na alikuwa na sauti ya kukoroma, na kila wimbo alianza mapema kidogo, nadhani kwa sababu ya mazoea ya kuwahi. Na alikuwa mbishi kwa mambo madogo. Tuliwahi kutembea kutoka Isansa hadi Tunduma kwa mguu, njia nzima ananibishia kwamba jogoo wangu si jogoo bali ni kuku mwenye kiburi.

Huko Tunduma ndiko nilikoona jinsi walivyompenda watu ambao si wake. Tulicheza na timu iliyotoka ng'ambo ya mpaka, na nusu ya watazamaji walikuwa wafanyabiashara wao. Alidaka penalti, ikapigwa tena kwa sababu refa alisema alisogea, akaidaka tena. Mchezo ulipokwisha wale wa ng'ambo walimzunguka, wakimwita kwa Kibemba chao, "Ba Kipa, iseni kuno, mukwai!", yaani njoo kwetu, mheshimiwa. Mzee mmoja mwenye duka akamwahidi kazi na nyumba kama atahamia kwao akadakie timu yao. Kipa alifikiri kweli kweli, akakuna kichwa, akasema, "Baba, nashukuru. Lakini nikihama, nani atamwezekea mama mkwe wangu?"

Watu walicheka wakadhani ni mzaha. Mimi nilijua si mzaha.

Kwa asiyejua desturi yetu ya enzi hizo niiseme kwa ufupi. Mwanamume na mama wa mkewe hawakuonana uso kwa uso. Hawakupeana mkono, hawakula pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja alijifunika uso akaingia majanini mpaka mwingine apite. Haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na kadiri ulivyompenda mkweo ndivyo ulivyomkimbia kwa kasi. Wengine walilegeza; mchungaji alikuwa amehubiri kwamba jambo hilo si la lazima kwa Mkristo. Kipa, mzee wa kanisa, aliitikia hubiri lile kwa kichwa, akatoka ibadani, akaona kikapu cha mama mkwe wake kinakuja kwenye kona, akajitupa mtaroni na suti yake ya Jumapili. Mtu asiyeogopa mpira wala mbwa wala Bwana Shauri wa serikali alimkimbia mama mmoja mfupi, mwembamba, anayetembea na kijiti.

Na alimpenda. Nyumba ya mama yule iliezekwa kwa nyasi bora kuliko zote, ndefu na zilizochaguliwa. Ilivyokuwa ni kwamba mama anaondoka asubuhi kwenda mtoni, shemeji mtu anapunga kitambaa, ndipo Kipa anapanda juu ya paa. Akimaliza, kitambaa kinapungwa tena. Mama anarudi anakuta paa jipya na anakuta hakuna mtu. Hapo, nilivyosikia, alisimama uani akilitazama paa muda mrefu, akasema kwa sauti ili upepo upeleke: "Aliyefanya hivi asipate baridi."

Uwanja wetu ulikuwa na malango mawili kama viwanja vyote, lakini Kipa alilipenda moja tu. Nyuma ya lango la pili palikuwa na shamba la mahindi, na mpira ukiingia humo yeye hakuufuata. Alisimama na kuniambia, "Beki, naomba uniokotee." Sasa fikirini: nimekimbia uwanja mzima, kipa amepumzika, na anayekwenda mahindini kuchanwa na majani ni mimi. Nilidhani ni uvivu na nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba anaogopa nyoka. Shamba lile lilikuwa la mama mkwe wake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyelifikiria. Mama alikuwa akishinda humo siku za mchezo, mahindi yakiwa yamekauka yanangoja kuvunwa, anayalinda na nyani. Tulimwona mchapakazi. Nyani wenyewe hakuna mtu mwingine aliyepata kuwaona.

Sasa nifike kwenye lile goli.

Ilikuwa fainali ya kikombe, na wapinzani walikuwa timu ya wachimbaji wa dhahabu kutoka pande za Mkwajuni, watu wenye mapaja kama magogo. Tulikuwa sare, goli moja kwa moja, dakika zilikuwa zimebaki chache sana, na kipindi hicho tulikuwa tunalinda lango la mahindini. Jua lilikuwa limeshukia upande ule, linawapiga watazamaji machoni. Winga wao alinipita, sifichi, alinipita nikaanguka karibu na mlingoti, akapiga shuti ambalo mimi nilikwisha kulihesabu kuwa goli. Kipa aliruka. Sijaona tena mtu akiruka hivyo. Alilala hewani kabisa, mkono wa kushoto ukanyooka kama anapokea fungu la nyasi, akaupangua mpira, ukaanguka mbele ya lango na kuanza kuviringika polepole.

Wanawake walipiga vigelegele pembeni mwa uwanja. Na vigelegele vingine vilitoka mahindini. Mabua yakafunguka, na mama mkwe wake akachomoka na kijiti chake cha kutishia nyani, anarukaruka, amefungua mdomo wote, hatua mbili kutoka mlingotini. Kipa alikuwa anainuka, goti moja liko chini. Akageuza uso ili ainuke, na hapo wakakutana macho kwa macho.

Mwili wake ulifanya ulichozoea. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akainama, akakimbia kuelekea kwenye kibendera cha kona ya pili, kama alivyokimbia njiani maisha yake yote. Mchimbaji mmoja alikuja akitembea, akausukuma mpira langoni kwa ubavu wa mguu. Nami nilikuwa nimelala pale pale, mguu wangu haukuwa mbali na mpira ule, ningeweza kuutoa. Sikuinuka. Nilikuwa namtazama mama, naye aliona alichofanya, akajiziba mdomo na kutumbukia tena mahindini.

Mimi peke yangu ndiye niliyemwona. Wengine walikuwa na jua na vumbi machoni, na wote walifuata mpira. Walichoona ni kipa wao akiuacha mpira unaoviringika na kukimbia. Refa alipuliza filimbi ya mwisho. Watu wakamwuliza, "Umekimbia nini?" Kipa akasema, "Nimekosea." Halafu nahodha wa wachimbaji akaja akamshika mkono, na kwa maoni ya fundi cherehani aliushika muda mrefu mno. Jioni hiyo hiyo habari ilikuwa imeshonwa na kupigwa pasi: Kipa amepewa vumbi la dhahabu.

Nilimkuta mtoni ananawa miguu. Nilianza kusema, "Kipa, nilimwona ma—"

"Hukuona," alisema.

"Watasema umeuza goli."

"Waseme. Wakisema mimi mwizi, nyumba zao zitavuja vile vile na wataniita niezeke." Alisugua mguu mmoja muda mrefu. "Wakisema mama wa mke wangu alikuja uwanjani kunitazama nina kaptula, naye ataishi wapi? Nani atateka maji naye? Naomba, Beki. Hukuona."

Basi sikuona. Baada ya wiki mbili mama yule alihama. Ilisemwa kwamba anakwenda kumtunza kaka yake mgonjwa kule Chitete, bondeni, na shamba likalimwa na mwingine. Kipa alipoteza namba yake. Kamati ilimweka kijana mwingine, mzuri tu, sina neno naye. Watu wakaanza kumwita Dhahabu. Walimwita hivyo barabarani, na watoto wake waliitwa hivyo shuleni, na mkubwa wao alirudi siku moja na jicho lililovimba kwa sababu ya jina hilo. Hilo ndilo lililomwumiza. Mwenyewe alivumilia, lakini nilimwona akimtazama mtoto yule na sikupenda nilichokiona usoni mwake. Jina jema ndilo pekee alilokuwa nalo la kuwaachia, kwa sababu nyasi za paa huoza.

Na bado, siku za mchezo, alifika mapema kabla ya wote, akainama kutoka mlingoti hadi mlingoti, akamwokotea mawe yule kijana aliyechukua nafasi yake. Kijana hakujua. Alidhani uwanja wetu una udongo laini.

Ilipita miaka kumi na zaidi. Mara nyingi pale ghalani, fundi alipoanza neno lake, nilijaza mdomo maneno. Kila mara nilimtazama Kipa kwanza, gunia la tatu, naye alitikisa kichwa kidogo sana na kuendelea kuchambua kahawa. Nilimheshimu kwa hilo na nilimkasirikia kwa hilo, vyote kwa pamoja, na kwangu mwenyewe niliona aibu, maana heshima yake ilinifaa na mimi. Ukweli ukitoka, mguu wangu uliolala karibu na mpira nao ungetoka.

Kisha yule kaka wa Chitete akafariki, na mama akarudi. Alikuwa amezeeka, amepinda, na hakuwa na pa kukaa. Kipa alimjengea nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake, mlango akauelekeza upande wa pili ili wasionane, na mbele ya mlango akampangia kipandio cha mawe. Nilikwenda kumsalimu Jumamosi moja. Nilimkuta mama amekaa kwenye kipandio chake, na Kipa amekaa ng'ambo ya ukuta, mgongo kwa mgongo na nyumba. Walikuwa wakizungumza, ila hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno na walikuwa wakimtumia mbuzi.

"Mbuzi, mwambie huyo kamba ya paa imelegea," alisema mama.

"Mbuzi, mwambie mama nitaikaza kesho," ilijibu sauti ya nyuma.

Mama aliponiona alifurahi, kwa sababu mbuzi alikuwa anakula tu. Akanikalisha. "Wewe ndiye beki. Nakukumbuka. Ulikuwa unaanguka sana." Nikakubali. "Haya, mwambie baba wa wajukuu zangu: siku ile aliupangua kwa mkono gani?"

Niligeukia ukuta. Kipa akasema taratibu nyuma yake, "Mwambie mama, wa kushoto."

"Nilijua!" Alipiga goti lake. "Nimebishana na marehemu kaka yangu miaka yote hii. Yeye hakuwepo, lakini alisema wa kulia." Akanisogelea na kushusha sauti. "Mwanangu, niambie jambo. Nimesikia watu njiani wanamwita Dhahabu. Kwa nini? Yeye si mchimbaji."

"Beki," ilisema sauti nyuma ya ukuta, "naomba."

Ilikuwa naomba ile ile ya uwanjani, na mara hii sikusogea. Nilimweleza mama yote: vumbi la dhahabu, fundi, namba iliyopotea, jicho la mjukuu wake. Alinisikiliza akiwa ameshika kijiti kwa mikono miwili. Hakulia. Aliniuliza foleni ya kahawa inakaa siku gani, nikamwambia.

Siku hiyo tulikuwa watu wengi ghalani. Tulikwisha kumpanga yule wa kofia na yule mnene na yule wa Tunduma, na fundi alikuwa amefungua mdomo kwa ajili ya wa nne, ndipo nikaona kitu kidogo kilichopinda kinakuja kwa njia ya mtoni. Kipa alikiona kabla yangu. Aliruka kutoka kwenye gunia lake, punje zikamwagika, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akainama, akapita mbio mbele ya mizani na kupotelea nyuma ya ghala.

Watu waliangua kicheko. Fundi cherehani hakucheka. Alisimama na kidole hewani, anatazama pale Kipa alipopotelea. "Ndivyo," alisema, si kwetu, kwake mwenyewe. "Ndivyo hivyo alivyokimbia siku ile. Hivyo hivyo."

Mama alifika, akapumzika juu ya kijiti chake, akatutazama mmoja mmoja. Tukamwamkia, akaitikia.

"Mimi ni mkwe wa Kipa," alisema. "Nimesikia mnatafuta aliyefunga goli la mwisho la wachimbaji. Ni mimi. Nilikuwa mahindini. Nilikuwa mahindini kila mchezo, hapakuwa na nyani hata mmoja. Alipoupangua ule mpira nilishindwa kujizuia, nikatoka, akaniona. Mkimtaka mwizi, mwizi nipo. Nimekuwa mzee, na aibu yangu imezeeka, haina meno tena. Yeye mwacheni."

Sikungoja nisikie nani atasema nini. Niliinuka, nikasema mbele ya wote kwamba nilimwona mama siku ile, na kwamba mguu wangu ulikuwa karibu na mpira na sikuutoa. Nilisema haraka na vibaya, kisha nikaenda nyuma ya ghala.

Kipa alikuwa amegandama ukutani, mikono ingali usoni. "Amesema nini?" aliniuliza kupitia viganja.

Nikamwambia, neno kwa neno.

"Amewaambia kwamba niliupangua?"

"Amewaambia."

Mikono ilishuka polepole. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta. Ndipo fundi cherehani alipotokea kwenye kona, kofia mkononi. Alijaribu kusema mara mbili akashindwa, yeye mwenye sauti kubwa kuliko mashine. Mara ya tatu alisema neno moja tu, ambalo hakuwa amemwitia kwa zaidi ya miaka kumi: "Kipa."

"Pole sana, ndugu yangu," alisema Kipa. "Lakini naomba kwanza uniangalizie. Mama ameondoka?"

Fundi alirudi hadi kwenye kona, akachungulia, akabaki amechungulia muda mrefu.

"Bado," alisema. "Ameweka kijiti chini. Anawaonyesha ulivyoruka."

Basi tukakaa chini nyuma ya ghala, sisi watatu, tukamngoja amalize.